Gari lenye matege halikufikishi Kirumba

MAGU. Siku Simba au Yanga inapotua Mwanza kucheza na Pamba Jiji, Magu huamka mapema kuliko kawaida. Jezi nyekundu zimetoka kabatini, za njano na kijani nazo zimepigwa pasi, na wana TP Lindanda wana kelele zao za tangu enzi zile Pamba ilipobeba ubingwa wa Muungano mwaka 1990.

Chai inanyweka huku watu wamesimama. Mchango wa mafuta unakusanywa. Mabishano ni yaleyale: nani anaanza langoni, namba tisa apewe nani, na mwamuzi wa leo ni wa nani.

Kutoka hapa mpaka Uwanja wa CCM Kirumba ni kilomita zipatazo 60. Unapita Nyanguge, Kisesa, Igoma na Nyakato, ndipo uingie katikati ya jiji. Ndani ya gari watu watabishana kuhusu kila kitu, isipokuwa kimoja ambacho kinawabeba wote: zile tairi nne, na namna zilivyosimama.

Soka la Tanzania linaujua uzito wa barabara. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kucheza na Namungo, na mechi yao iliyokuwa inafuata dhidi ya Simba ikabidi iahirishwe. Ajali ina sababu nyingi, na si kila ajali ni tairi. Lakini tairi ni kitu ambacho shabiki mwenyewe anaweza kukikagua kabla ya kuondoka nyumbani.

Anayepaswa kusikia zaidi ni kijana aliyefunga springi na shokapu za kurekebishika, zile ambazo mafundi huziita koiloveri. Kashusha gari likalala chini, likapendeza, akapigwa picha nalo. Miezi michache baadaye tairi za mbele zimekwisha upande wa ndani, na yeye analaumu duka la tairi.

GARRINCHA ALIWEZA, GARI HALIWEZI

Wazee wa soka wanamkumbuka Garrincha, winga wa Brazil aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962. Miguu yake ilikuwa na kasoro: mmoja umepinda kwenda ndani, mwingine kwenda nje. Mabeki walimtazama wakacheka, kisha wakabaki wamekaa chini.

Gari halina kipaji hicho. Likiwa na matege, linachofanya ni kula tairi, kuvuta upande na kumchosha dereva mikono.

Matege ya gari yana majina matatu. Ukiyaelewa hayo, hakuna fundi atakayekuyumbisha.

La kwanza ni kemba. Simama mbele ya gari, litazame usoni. Tairi likisimama wima kama nguzo ya goli, kemba ni sifuri. Likilalia ndani kwa juu, na chini likatanuka kama kipa aliyetanua miguu akisubiri penalti, hiyo ni kemba hasi. Likilalia nje kwa juu, ni kemba chanya.

La pili ni tou. Hii utaiona ukilitazama gari kutoka juu. Ukingo wa mbele wa tairi mbili ukikaribiana kuliko wa nyuma, gari limesimama kama mtu ambaye vidole vyake vya miguu vinatazamana. Hiyo ni tou ya ndani. Vidole vikipeana mgongo, ni tou ya nje.

La tatu ni kasta. Itazame baiskeli kwa ubavu: foku yake haikusimama wima, imelala kidogo kurudi nyuma. Ndiyo maana ukiwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea mbele. Gari nalo lina mlalo huo, na ndio unaosaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona.

VIWANJA VIWILI VYA KUBURUZWA

Wengi wakiona tairi limelika ndani, wanasema ni kemba. Mara nyingi mchawi mkubwa ni tou, na kemba ni msaidizi wake.

Piga hesabu. Chukua tairi la mbele, pima pointi mbili kwenye rimu zilizoachana milimita 380, moja mbele na moja nyuma. Tuseme tairi limegeuka kiasi kwamba pointi hizo zinatofautiana milimita 1.5 tu kutoka kwenye mstari ulionyooka. Ni unene wa sarafu. Kwa macho huioni.

Lakini kwa kila kilomita moja, tairi hilo linataka kwenda pembeni karibu mita 4, huku gari likililazimisha kwenda mbele. Magu mpaka Mwanza, kilomita 60, inakuwa zaidi ya mita 230 za kusugua lami kwa ubavu. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105. Kwa hiyo tairi lako limeburuzwa zaidi ya viwanja viwili, na hapo bado hujarudi nyumbani.

Sasa ongeza kemba hasi kubwa. Uzito wote unakaa kwenye ukingo wa ndani, na ukingo huohuo ndio unaoburuzwa. Kwa nje tairi linaonekana jipya, kashata zake zimesimama. Kwa ndani nyuzi zimeanza kuchungulia. Dereva anaamini ana tairi, kumbe ana nusu tairi.

Hapo ndipo roho za watu zinapoingia kwenye hesabu. Gari lina abiria watano, jua la mchana limewaka, lami imechemka, na mwendo ni wa kuwahi filimbi ya kwanza.

KOILOVERI NI USAJILI, MAZOEZI NI ALAIMENTI

Timu ikisajili winga mpya, kocha hamwingizi uwanjani siku hiyohiyo bila kumfundisha anakimbilia wapi. Koiloveri ni vivyo hivyo. Kuifunga ni usajili tu. Alaimenti ndiyo mazoezi.

Sababu iko kwenye mikono ya chini ya gari. Ukilishusha gari, mikono hiyo inabadili mlalo wake, na ile ya usukani, yaani tairodi, nayo inabadilika kwa kipimo chake. Kwenye magari mengi kemba inaongezeka kuwa hasi, na tou inahama palepale. Ukilipandisha gari ili lipite kwenye mashimo, mambo yanahama pia. Hujagusa boliti yoyote ya alaimenti, lakini alaimenti imekwishabadilika.

Koiloveri nyingi zina sehemu mbili za kurekebisha. Kuna ringi za chini zenye uzi wa nati, unazizungusha kupandisha au kushusha kimo. Na baadhi zina sahani ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi chini ya boneti, ambayo boliti zake zinateleza kwenye nafasi ndefu. Sahani ikisogea kuelekea injini, juu ya tairi panaingia ndani, kemba inakuwa hasi zaidi. Ikisogea kuelekea madigadi, tairi linarudi wima.

Hata magari yasiyo na koiloveri yana nafasi yake. Subaru Impreza nyingi za zamani zina boliti ya juu chini ya shokapu ya mbele ambayo katikati yake haiko sawa kwa makusudi. Ukiizungusha, tairi linalala au linasimama. Toyota nyingi ndogo hazina boliti ya namna hiyo, na fundi hutumia boliti maalumu nyembamba kidogo ili kupata nafasi ya kusogeza. Nyuma ya magari mengi madogo ekseli ni kipande kimoja, hapo hakuna cha kurekebisha bila kazi ya ziada.

KIKOSI CHA KWANZA KINAPANGWA HIVI

Kosa kubwa la gereji nyingi si vipimo. Ni mpangilio. Watu wanaanza na tou kwa sababu ndiyo rahisi, halafu wanagusa kemba, na ile tou waliyoipanga inaharibika upya.

Benchi la ufundi likitaka kazi safi, linafuata zamu.

Zamu ya kwanza ni ukaguzi. Upepo wa tairi zote uwe kama kibandiko cha gari kinavyosema. Gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, kuna boljointi, tairodi, bushi au beringi iliyochoka. Hapo alaimenti isubiri. Kupima gari lenye boljointi mbovu ni sawa na kupima kasi ya mchezaji mwenye nyama za paja zilizochanika.

Zamu ya pili ni kimo. Panga urefu wa kila kona kwanza, kushoto na kulia vilingane. Shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze mara kadhaa litulie. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, si likiwa linaning'inia. Ukikaza likiwa hewani, mpira unajikunja ukishusha, na maisha yake yanakuwa mafupi.

Zamu ya tatu ni kasta, kama gari lako linaruhusu kuirekebisha. Zamu ya nne ni kemba. Zamu ya tano, ya mwisho kabisa, ni tou, usukani ukiwa umenyooka na kufungwa usicheze.

Ukirudi kugusa kimo baada ya hapo, hata kwa mzunguko mmoja wa ringi, unaanza upya. Haijalishi umechoka kiasi gani.

UZI NA TIMAZI

Mashine ya kompyuta yenye kamera ni nzuri, na ukiifikia Mwanza mjini, itumie. Lakini aliyeko Magu hajanyimwa vifaa. Mtu yeyote aliyewahi kusimamisha goli la mbao kwenye uwanja wa shule anavijua: uzi, timazi, pimamaji na rula.

Kwanza sakafu. Weka pimamaji chini ya kila tairi, na palipo chini inua kwa vipande vya vigae au mbao. Sakafu iliyolala inakudanganya kemba, kama uwanja uliolala unavyoupeleka mpira upande mmoja. Chini ya tairi za mbele weka bati mbili laini zilizopakwa grisi katikati, ili tairi liteleze lenyewe unaporekebisha.

Kwa kemba, ning'iniza timazi kutoka kwenye madigadi, uzi upite mbele ya katikati ya tairi. Pima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa juu wa rimu, kisha mpaka ukingo wa chini. Juu kukiwa mbali zaidi na uzi kuliko chini, kemba ni hasi. Kwa pointi zilizoachana milimita 380, tofauti ya milimita 6.6 ni digrii moja. Milimita 3.3 ni nusu digrii.

Kwa tou, simamisha stendi nne, mbili mbele na mbili nyuma ya gari, ukavute nyuzi mbili zipite kushoto na kulia kwenye kimo cha katikati ya rimu. Kila uzi uwe mbali sawasawa na hab ya mbele kushoto na kulia, na vilevile kwa hab za nyuma. Usishangae kipimo cha mbele kutofautiana na cha nyuma, maana magari mengi ni mapana upande mmoja kuliko mwingine. Kisha pima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Mbele kukiwa mbali zaidi na uzi, hiyo ni tou ya ndani.

Namba za kufuata ni za kitabu cha gari lako kwanza. Kwa gari la kawaida la barabarani, mara nyingi kemba ya mbele iko kati ya sifuri na hasi digrii moja, na tou ya jumla haizidi milimita mbili za ndani. Kushoto na kulia visitofautiane zaidi ya nusu digrii ya kemba. Anayependa kona anaweza kwenda hasi digrii moja na nusu, akijua tairi zake zitalika ndani mapema kidogo. Akiipita sana hapo kwa ajili ya picha, ajue amechagua picha.

Halafu kuna abiria. Gari lililoshushwa na likapimwa tupu halitakuwa lilelile likibeba mashabiki watano na ngoma kwenye buti. Linakaa, na kemba na tou zinahama tena. Baada ya kumaliza, ingiza watu au viroba vya mchanga vyenye uzito wao, upime tena. Kama tairi linagusa madigadi au kemba imekimbia, pandisha kimo. Gari la safari halipangwi kwa ajili ya maegesho.

MABINGWA NAO HUBADILISHA

Afrika Mashariki ina shule yake kubwa ya mambo haya. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa East African Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliibeba mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine mwaka 2000. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Kenya, mshindi alikuwa Sébastien Ogier.

Vijana wengi wanaoshusha Subaru wanawataja McRae na Burns. Wanachosahau ni kwamba gari la Safari halikuwa limelala chini. Lilinyanyuliwa, likapewa safari ndefu ya shokapu ili limeze mashimo. Gari la reli kwenye lami ndilo hushushwa na kupewa kemba hasi zaidi, kwa sababu kwenye kona ya kasi gari hulalia nje, na tairi la nje linahitaji kuegemea ndani ili likanyage lote. Ni kama winga anayekata kuingia ndani: mwili wake wote unalala upande wa kona.

Kila barabara na mpango wake. Kona ya kasi inalipa kemba hasi. Barabara iliyonyooka kutoka Magu kwenda Mwanza, yenye matuta kila kijiji, hailipi chochote.

Hata wakubwa wameonja. Agosti 2011 kwenye mbio za Formula 1 za Spa, Ubelgiji, Red Bull waliweka kemba ya mbele kupita kipimo walichoshauriwa na Pirelli, na tairi zikaanza kufanya malengelenge upande wa ndani. Sebastian Vettel alishinda siku hiyo, lakini timu ilikaa roho juu. Na wao walikuwa na wahandisi, kamera na tairi mpya zikiwasubiri. Shabiki wa Magu ana tairi ya akiba moja, tena pengine haina upepo.

DAKIKA TANO ZA JIONI

Si kila gari linalovuta upande lina matege. Upepo ukipungua tairi moja, gari linavutia huko. Barabara zetu nazo zimelala kidogo kwenda kando ili maji yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, ni kawaida gari kuelea kushoto taratibu ukilegeza usukani. Likivuta kwa nguvu, au usukani ukikaa upande huku gari likienda mbele, hapo nenda kwa fundi.

Tairi lenyewe pia linasema. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likiwa na mabonde mabonde, shokapu zimechoka. Ukipitisha kiganja kwa upole juu yake ukahisi meno ya msumeno upande mmoja, hiyo ni tou. Likilika ndani tu au nje tu, anza na kemba, kisha tou.

Na kabla ya kununua tairi mpya, pima. Kufunga tairi mpya kwenye gari lenye matege ni kutupa hela ziwani. Zitalika palepale zilipolikia za zamani, na mchango utapitishwa tena kijiweni.

Jioni kabla ya mechi, wakati kikosi kinabishaniwa, fanya jambo moja. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, zima gari, washa tochi ya simu, chungulia upande wa ndani wa tairi la mbele ambao huwa huuoni. Kata kulia, rudia upande wa pili. Kisha inama uangalie za nyuma. Ukiona nyuzi, usiziguse kwa mkono maana zinakata, na usiseme zitafika tu. Gari hilo libaki Magu.

Watu wapande gari jingine. Kirumba pana nafasi ya kila atakayefika.